Mimi ya Kuazima

Hakuwa na cheti. Tuanzie hapo, maana yeye mwenyewe ndipo alipokuwa akianzia kila alipojihesabu mapungufu. Hakuwa na viatu vyeusi. Alivyovaa vilikuwa vya shemeji yake, vikubwa kidogo, vimejazwa karatasi mbele. Hakuwa na shati jeupe lisilo na alama ya pasi. Hakuwa na mdhamini, kwa sababu mtu pekee ambaye angeweza kumsifia kazi alikuwa kaburini, mwezi wa nane sasa. Hakuwa na barua pepe mpaka Jumanne, siku moja kabla. Hakuwa na majina ya vitufe vya kompyuta: alivijua kwa mahali vilipo, kama mtu anavyoijua swichi ya taa ya chumbani kwake. Hakuwa na umri wa kuitwa kijana, wala mvi za kutosha kuitwa mzee. Na asubuhi ile ya Jumatano, katika chumba cha kungojea cha kituo cha televisheni, hakuwa hata na mate mdomoni.

Alichokuwa nacho ni miaka kumi na tisa ya kukata na kuunga video za harusi, mke mwalimu wa darasa la kwanza, mabinti pacha, mama mkwe mwenye nyumba waliyokuwa wakiishi, na jina la utani: Mkasi.

Jina hilo alipewa na marehemu mwenye studio, ambaye kila mtu alimwita Fundi. Studio ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vioo, na humo Fundi alikuwa na amri mbili. Ya kwanza: kabla hujakata chochote, nakili mbichi. Mbichi ni picha kama zilivyotoka kwenye kamera, hazijaguswa. "Kompyuta ni kama mama mkwe," Fundi alikuwa akisema. "Ikinuna hainuni kwa taarifa." Kwa hiyo Mkasi, kila alipokaa kitini, mkono wake ulinakili mbichi kwenye flashi kabla hata akili haijafika kazini. Amri ya pili: acha mkia. Ukikata maneno ya mtu, usikate pale pale neno linapoishia. Mwachie pumzi yake ya mwisho kidogo, sauti ishuke au ipande inapotaka kwenda. "Ukimkata mtu mkia," Fundi alisema, "umemkata na maana."

Fundi alipofariki, wanawe waliuza kamera, wakauza kompyuta, wakauza hata lile zulia jekundu la kupigia picha. Mkasi alirudi nyumbani na flashi moja mfukoni. Miezi minane alishinda nyumbani kwa mama mkwe, akijifanya anatengeneza vitu ambavyo havikuharibika.

"Kaka, hii ya ngapi?" aliuliza jamaa mnene aliyekaa pembeni yake. Walikuwa watu sita kwenye viti vya plastiki, wote wamebana mabahasha mapajani.

"Ya ngapi nini?"

"Usaili. Mimi ya saba. Nimeshazijua kampuni zote kwa vitafunio vyao. Kule kwa watu wa matangazo wanatoa biskuti. Hapa naona maji tu, tena ya moto."

"Mimi ya kwanza."

"Ya kwanza!" Yule bonge aligeuka na kiti chake chote. "Basi nisikilize. Wakikuuliza udhaifu wako, usiseme kweli. Niliwahi kusema nachelewa kuamka. Wakacheka, nikacheka, tukaagana."

"Sasa nisemeje?"

"Sema unapenda kazi kupita kiasi."

"Si uongo huo?"

"Kwani umekuja kuungama, kaka?"

Mkasi alitaka kucheka, lakini aliishia kuinyoosha bahasha yake mapajani. Mlango ukafunguliwa, jina lake likaitwa, majina yote matatu, na kwa nukta moja hakujua anaitwa nani. Ilikuwa muda mrefu hajasikia mtu akimwita hivyo.

Ndani walikuwa watatu. Ofisa wa ajira, mwanamume mwenye simu iliyokuwa ikitetemeka mezani kama mdudu aliyepinduka. Fundi mitambo, ambaye hakuinua uso. Na katikati mhariri mkuu, mama mmoja mpole wa sauti, miwani yake imening'inia kifuani kwa mnyororo mwembamba.

"Karibu, kaka. Kaa, jisikie nyumbani," alisema yule mama, na upole ule ulimtisha Mkasi kuliko kama angefokewa.

"Cheti chako sikioni humu," alisema ofisa wa ajira.

"Sina, bosi. Nilisoma masomo ya jioni miezi sita. Chuo kikafungwa kabla hatujafanya mtihani."

"Kilifungwa?"

"Mwalimu alihama na kompyuta zote."

Fundi mitambo aliinua uso kwa mara ya kwanza. Mkasi akaona hapo hapo kwamba amekwisha. Lakini mama wa miwani aliomba kuona kazi zake, naye akatoa flashi, akakosa tundu la kompyuta mara mbili. Wakatazama harusi moja, kisha nyingine. Mama aliweka miwani machoni.

"Unajiona wapi baada ya miaka mitano?" aliuliza bila kuacha kutazama.

"Kwenye kiti, mama. Mbele ya kompyuta."

"Basi tu?"

"Kiti kikiwa kizuri, mama, basi tu."

Fundi mitambo alicheka puani. Mama akavua miwani, akasema, "Mpelekeni kwenye zoezi."

Chumba cha zoezi kilikuwa na baridi ya mashine, mapazia meusi na kompyuta nne. Mlangoni alipewa fomu ya kusaini. Ilisema: Sitatoka humu na picha wala sauti yoyote ya kampuni, nikikiuka, nitashtakiwa. Alisaini haraka, kwa woga wa mtu anayedhani akisoma mara mbili ataonekana hajui kusoma.

"Mtandao wetu leo umekufa," alisema fundi mitambo. "Ukimaliza, weka kazi yako kwenye flashi yako hiyo hiyo, nitakuja kuichukua. Una dakika arobaini." Akampa na vipokea sauti vya kuvaa masikioni. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa kama mtandao. Mkasi aliona aibu kulalamika.

Juu ya meza kulikuwa na karatasi. Maagizo yake yalikuwa mafupi: mahojiano haya yawe dakika moja, ondoa kikohozi na kelele zote, bakiza sehemu ya mlango, sehemu ya funguo na meneja iondolewe, haihusu. Chini kabisa, kwa herufi kubwa: HILI NI ZOEZI TU.

Mkono wake ulinakili mbichi kwenye flashi. Hakuutuma. Halafu akaanza.

Ilikuwa picha ya mzee amelazwa hospitalini, mikono imefungwa bandeji mpaka viwiko, mto umekunjwa nyuma ya shingo. Mwulizaji haonekani, unaonekana mkono wake tu na kipaza sauti. Anauliza, mlango wa nyuma ulifungwa na nani? Mzee anakohoa. Anasema neno, anakohoa. Ilikuwa kazi ngumu, maana kile kikohozi kilikuwa kimekalia maneno. Pale kwenye mlango ndipo palipokuwa pabaya zaidi. Mzee alisema, "Mlango nimefunga mimi," na juu ya lile neno la mwisho, "mimi", kikohozi kilipanda kikalifunika nusu.

Mkasi alisimamisha picha. Kuna kitu kilimpitia kichwani. Wiki mbili nyuma karakana ya magodoro iliungua, wafanyakazi saba hawakutoka, mji mzima ulizungumza habari za mlango wa nyuma uliokutwa umefungwa na za mlinzi aliyelazwa hospitalini. Asije akawa ni yule mlinzi? Lakini karatasi ilisema zoezi tu, na nani angempa mtu asiye na cheti kitu cha kweli?

"Dakika kumi!" fundi mitambo aliita.

Woga una tabia moja: unakuachia mikono, unachukua masikio. Mkasi alisikia sauti, hakusikia maneno. Alitafuta mahali pengine ambapo mzee anatamka "mimi" safi, bila kikohozi. Akapata. Mbele kidogo anasema, "Mimi ni mlinzi wa getini." Alilichukua lile "mimi", akalipachika mahali pa lile lililoharibika, kama alivyowahi kufanya bwana harusi alipopiga chafya kwenye jina la bibi harusi. Akasikiliza kwa sikio lake moja. Maungio hayakusikika. Mkia hakuuacha, hapakuwa na nafasi, dakika moja ilikuwa imejaa.

Mama wa miwani alikuja mwenyewe kutazama, akasimama nyuma ya kiti.

"Hapo. Rudisha." Akasikiliza tena. "Hapa palikuwa na kikohozi."

"Ndiyo, mama."

"Na hii 'mimi' umeitoa wapi?"

"Nimeiazima, mama. Hapo mbele anasema 'mimi ni mlinzi'. Nimeichukua ile."

"Umeiazima," alisema polepole, kama mtu anayeonja chumvi. Akamgusa bega. "Wenzako wawili wameshindwa hapo hapo. Nenda nyumbani, kaka. Weka simu karibu."

Fundi mitambo alinakili ile kazi ya dakika moja bila kutazama kingine, akamrudishia flashi yake. Getini walimpekua mkoba, wakafungua hata kikasha cha miwani ya kusomea. Flashi ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Hawakuiuliza, naye hakuikumbuka. Nje alitembea kama mtu asiyekanyaga chini, ingawa viatu vya shemeji vilipiga kelele kwa kila hatua.

Jioni, saa moja, familia ilikaa kutazama taarifa ya habari. Hilo lilikuwa agizo la mama mkwe, kwamba mkwe wake akishafanya usaili wa televisheni, nyumba nzima lazima itazame televisheni kwa heshima.

"Kwa hiyo utakuwa unasoma habari?" aliuliza mama mkwe.

"Hapana, mama. Nitakuwa nyuma. Nakata picha."

"Nyuma?" Alisikitika kidogo. "Si neno. Hata nyuma wanapewa chai."

Ndipo msomaji wa habari akasema kwamba mlinzi wa karakana ya magodoro iliyoua watu saba amekiri kufunga mlango wa nyuma. Na mzee wa bandeji akatokea. Mkasi, kwa sekunde moja, aliona fahari. Aliitambua mikato yake kama mtu anavyotambua mwandiko wake. Halafu mzee akasema, kwa sauti tulivu, bila kikohozi, akiitazama sebule ile moja kwa moja:

"Mlango nimefunga mimi."

Chini ya picha waliandika maneno yale yale, yakaishia na nukta.

"Mshenzi!" mama mkwe alipiga paja. "Amekiri mwenyewe, hana hata haya! Angalia alivyotulia! Watu saba! Hata kutetemeka hatetemeki!"

Hatetemeki kwa sababu nimemtoa kutetemeka, alisema Mkasi moyoni. Baada ya habari ile likaja tangazo: godoro kubwa jeupe, mtoto anarukaruka juu yake, na jina la karakana ile ile kwa herufi za dhahabu.

Aliondoka sebuleni, akaenda chumbani, akatoa flashi mfukoni. Aliichomeka kwenye kompyuta ndogo ya mkewe, ile ya kutungia mitihani ya watoto, akitaka tu kuona kazi yake ya dakika moja. Hakuikuta peke yake. Juu yake ilikuwepo mbichi, dakika kumi na nane nzima, hospitali na mto na kila kitu. Alikuwa ametoka nayo. Alikuwa amesaini, akatoka nayo kifuani kama medali.

Alitaka kuifuta hapo hapo. Kidole kilikuwa tayari kimekaa. Lakini kwanza alitaka kusikia lile neno, kwa masikio mawili.

Mwulizaji: "Mlango wa nyuma ulifungwa na nani?"

"Mlango?" Kikohozi. "Mlango nimefunga mimi?" Na sauti ya mzee ikapanda, ikapanda mpaka ikapasuka kwenye kikohozi. "Mimi ni mlinzi wa getini. Funguo za nyuma anazo meneja. Kila siku anazo meneja. Mimi nilizitoa wapi?"

Lugha yetu haina neno la lazima la kuulizia. Mtu huuliza na mtu hujibu kwa maneno yale yale, na kinachotenganisha ni mkia wa sauti tu, kule mwisho. Mkia huo ulikuwa ndani ya kikohozi. Mkasi alikuwa ameutupa pamoja na kikohozi, akapachika "mimi" iliyolala chali, isiyouliza kitu. Na kile kikohozi alichokisafisha kama uchafu kilikuwa moshi. Mbele zaidi mzee mwenyewe alisimulia alivyoingia kuwatoa wenzake. Ndiyo maana ya bandeji.

Mkewe alisimama mlangoni. Hakujua ameanza kusikiliza lini.

"Baba Pacha. Huyu si yule wa kwenye habari?"

"Ndiye."

"Mbona anauliza? Kule amejibu, hapa anauliza."

Alirudisha, akamsikilizisha tena. Mwalimu alisikiliza kichwa kimeinama, kama anavyomsikiliza mtoto anayesoma kwa taabu.

"Nani amemkata hivi?" akauliza.

"Mimi," alisema Mkasi.

Kesho yake, Alhamisi, saa nne asubuhi, simu ililia. Ilikuwa sauti ya upole ya mama wa miwani. Hongera. Amepata. Jumatatu saa mbili kamili, aje na picha mbili ndogo. Mama mkwe, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, alipiga kigelegele mpaka jirani akauliza kuna nini.

Mkasi alitoka nje na simu, akasimama nyuma ya nyumba penye kamba za nguo. Alijipiga moyo konde.

"Mama, samahani. Kuhusu lile zoezi. Ile 'mimi'. Mkia ulikatika. Yule mzee alikuwa anauliza, mama, hakukiri. Mnaweza kurekebisha, mbichi mnayo."

Upande wa pili ulijibu kwa upole ule ule.

"Mbichi ya kazi ile haipo, kaka. Tumeshaifuta. Wewe umejuaje kwamba alikuwa anauliza?"

Shuka lililoanikwa lilimgusa shingoni, akaruka.

"Nimekumbuka tu, mama."

"Basi usikumbuke sana. Ni kazi nzuri hii, na ulisaini fomu. Jumatatu, saa mbili."

Simu ikakatika. Alibaki ameishika sikioni. Kwa hiyo mbichi ilikuwa moja tu duniani, nayo ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, na kuwa nayo ni kosa la jinai lenye sahihi yake chini. Akitaka kupona, njia ilikuwa fupi: kidole kimoja, kitufe kimoja ambacho jina lake hakulijua, lakini mahali kilipo alipajua sana.

Mchana redio ya mama mkwe ilisema watu wamevunja madirisha ya nyumba ya mlinzi kwa mawe. Mke wa mlinzi na wajukuu walikuwa ndani. Mlinzi mwenyewe amewekewa askari hospitalini. Tume ya uchunguzi itaanza kukaa wiki ijayo. Mwenye ushahidi aulete kwa maandishi, kwa posta. Barua isiyo na jina la mwandishi haitapokelewa.

"Wamvunje na miguu," alisema mama mkwe, akichambua mchele. Kisha akamtazama mkwe wake. "Wewe mbona umekuwa kama umemwagiwa maji? Umepata kazi, cheka basi!"

"Nacheka, mama."

"Hicho ndicho kicheko? Kicheko hicho hata msibani wangekufukuza."

Mwalimu aliporudi kutoka shule, walikaa kitandani, flashi katikati yao juu ya shuka, ndogo kuliko kidole.

"Nikiipeleka, Jumatatu hakuna," Mkasi alisema. "Na huenda nisiikose kazi tu. Nitashtakiwa. Yule mama hatishii kwa kupiga kelele."

"Najua."

"Mama yako atanitazama vile anavyotazama. Miezi minane, Mwalimu. Nimefunga na kufungua ile bawaba ya mlango wa choo mara ngapi? Nimechoka kutengeneza bawaba iliyo nzima."

"Najua, Baba Pacha. Na mimi naogopa. Usifikiri siogopi." Aliigeuza flashi kwa kidole. "Ukiifuta, nani atajua?"

Swali lile aliliuliza kwa kweli, si kwa kumtega. Mkasi alilifikiria kwa kweli pia. Mama wa miwani hatasema. Mlinzi akisema, nani atamsikiliza, wakati nchi nzima imemsikia kwa sauti yake mwenyewe? Angekaa Jumatatu kwenye kiti kizuri, na wangempa kikohozi kingine asafishe. Wangempa kwa sababu alikuwa hodari. Hilo ndilo lililomwogofya zaidi ya kesi: kwamba alikuwa hodari kweli, na wao ndio wa kwanza kuliona.

"Kila mara nitakaposema 'mimi'," alisema polepole, "nitaisikia ile."

Mwalimu aliinuka, akaleta daftari lenye mistari mipana ya watoto wa darasa la kwanza, maana ndilo lililokuwepo, akachana karatasi mbili za katikati. Akaleta na kalamu.

Kwanza Mkasi alifanya alichofundishwa: alinakili mbichi kwenye kompyuta ya Mwalimu, ndani ya folda ya mitihani. Kisha akaandika.

Aliandika "Mimi", kalamu ikasimama. Akakaa muda mrefu akilitazama neno lile, herufi nne, mistari mipana juu na chini. Halafu akaendelea.

"Mimi ndiye niliyekata mahojiano ya mlinzi yaliyotangazwa Jumatano saa moja jioni. Niliambiwa ni zoezi la usaili. Neno la mwisho katika sentensi 'Mlango nimefunga mimi' si la sentensi hiyo. Nililiazima kutoka sentensi nyingine ili kuondoa kikohozi. Mlinzi aliuliza 'Mlango nimefunga mimi', hakukiri. Mbichi, yaani picha kamili isiyokatwa, imo ndani ya bahasha hii. Msikilize dakika ya sita. Nilisaini kwamba sitatoka na kitu, nikatoka nayo kwa mazoea ya kazi, si kwa hila. Niko tayari kuitwa."

Mwalimu alisoma, kidole chake kikifuata mistari. Akaishika kalamu, akaongeza kitu kimoja tu. Mahali alipokuwa amenukuu maneno ya mlinzi kama alivyoyasema mwenyewe, aliweka alama ya kuuliza, kubwa, ya darasa la kwanza, yenye kichwa cha mviringo na nukta iliyokolea.

"Sasa jina," alisema.

Mkasi aliandika majina yake yote matatu, na anwani ya nyumba ya mama mkwe.

Mama mkwe mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na ungo wake. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini. Nyumba ile kila mtu alisikiliza mlangoni.

"Yule mzee alikuwa anauliza?" alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nimemtukana mbele ya watoto." Akatazama barua, akamtazama mkwe wake kwa muda, na safari hii mtazamo haukuwa ule wa miezi minane. "Wakija kukukamata, watanikuta mimi getini kwanza. Andika vizuri hiyo anwani, mwanangu, isije ikapotea."

Ijumaa asubuhi Mkasi alivaa viatu vyake mwenyewe, vya kahawia, visigino vimelika upande. Posta ilikuwa imefunguliwa muda si mrefu. Mtu mmoja alikuwa mbele yake, na karani wa dirishani alikuwa bado anafuta meza. Simu ilitetemeka mfukoni. Alitazama: namba ya kituo. Akaiacha itetemeke.

Aliikunja barua mara tatu, akaizungushia flashi ili isicheze, akaingiza vyote ndani ya bahasha iliyoandikiwa tume. Mdomo ulikuwa mkavu kabisa, kama siku ya usaili. Alijaribu kulamba gundi, mate hayakuja.

"Kuna sifongo hapo, kaka," alisema karani. "Wengi huwa wanakauka."

Alilowesha gundi kwa sifongo, akakunja ulimi wa bahasha, akaubana kwa kidole gumba kutoka upande huu mpaka upande ule, kisha akarudia kwa kiganja. Karani alipima, akagonga muhuri mara mbili.

"Ya rejista? Utasaini hapa."

Safari hii alisoma karatasi yote, juu mpaka chini, kabla hajasaini. Simu ilitetemeka tena. Karani alivuta bahasha, akainyoosha, akaitupa nyuma yake ndani ya mfuko wa turubai, ikatua juu ya nyingine.